Kiingereza cha Fanny na Mbuzi wa Muzee Mathieu

Fanny hakuzaa Kampala. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo mnalolitaka, na mengine mtayaruka. Hakuzaa, hakuolewa na kapiteni yeyote wa Uganda, wala hakuacha mtoto kwa watawa. Mtoto huyo, ambaye akina mama wa sokoni hapa Bunia wamekwisha kumpa jina na hata sura, ningependa kumwona siku moja. Angekuwa mjukuu wangu wa kwanza, na inashangaza kwamba mtaa mzima unamfahamu isipokuwa mimi.

Mimi ni Kanyere, mjane wa prefe Katsuva. Mume wangu aliongoza shule ya sekondari katika mji huu na kuwafundisha Kifaransa nusu ya hao wanaotusengenya leo. Wanatusengenya kwa Kifaransa safi kabisa. Kazi yake haikupotea.

Fanny ni binti yetu. Alisomea ualimu wa Kiingereza, naye baba yake ndiye aliyemchagulia. Alikuwa akisema Kifaransa ni cha kuandikia na Kiingereza ni cha kutembelea. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo kabla ya kuona tungetembea kiasi gani.

Ikumbukwe jinsi mambo yalivyokuwa. Wanajeshi wa Uganda walikuwa wamejaa Bunia, na wao walisema Kiingereza. Basi watu wetu, ambao wanajua kupiga hesabu haraka, wakaamua kwamba msichana anayejua Kiingereza amejifunza kwao, na tena si darasani. Fanny alikuwa na diploma yenye muhuri, lakini muhuri hauna nguvu mbele ya wanawake walioketi pamoja wakichambua majani ya sombe.

Mwezi wa nane mwaka 2002 mabomu yalianguka hadi ndani ya parsele yetu, uani pa nyumba. Tukachukua njia ya Irumu na Komanda kwa miguu mpaka Beni, kwa ndugu za mume wangu. Fanny hakukaa kulia. Alianza kufundisha Kiingereza chini ya hema ya kanisa, watoto wakiandika mchangani kwa vijiti. Kisha wafanyabiashara wa Kasindi, pale mpakani, wakamwita awafundishe kubishana bei na Waganda. Kutoka Kasindi akavuka hadi Kampala, ambako shule moja ya wakimbizi ilimpa darasa na kitanda. Hiyo ndiyo safari yake ya nje. Kila alipofukuzwa na vita alifundisha, na kila alipofundisha alipata chakula. Kama kuna uasherati hapo, mnionyeshe ulipo.

Katika shule hiyo alikuwapo msichana mzungu, Tina, mtu wa Australia. Walilala chumba kimoja, wakafundisha vitabu vile vile, wakala maharage yale yale. Tina alikuwa amepita Peru, Thailand na Korea, akifundisha Kiingereza miezi michache hapa na pale, halafu anabeba mfuko wake mgongoni na kuendelea. Fanny alipomwuliza anatafuta nini, alijibu kwamba anazunguka dunia ili ajitafute. Kwetu mtu akipotea hutafutwa na ndugu zake, lakini kila taifa na desturi yake. Mkurugenzi wa shule alimtambulisha Tina kwa wageni kama msafiri jasiri. Fanny, mkurugenzi huyo huyo alimtambulisha kama mkimbizi. Vitanda vyao viliachana kwa hatua moja.

Mwisho wa mwaka 2003, askari wa Umoja wa Mataifa walipokwisha kutuliza mji, tulirudi Bunia, Fanny naye akitoka Kampala. Nyumba haikuwa na milango wala mabati, lakini umbeya ulikuwa umetunzwa vizuri. Hapo ndipo nilipopewa habari za mjukuu.

Sasa nieleze lililokuwa likinikosesha usingizi. Kabla ya vita Fanny alikuwa ameposwa na Roger, kijana wa familia ya wafanyabiashara kutoka Butembo kama sisi. Harusi ingefunga midomo yote kwa siku moja. Bila harusi, jina la Katsuva lingebaki sokoni pamoja na nyanya zilizooza. Kwa hiyo familia ya Roger ilipotuma habari kwamba wanakuja na mbuzi wa mahari, nilisafisha nyumba na kuazima viti.

Siku yenyewe ya ugeni, bila kuulizwa na mtu, Tina alishuka Bunia kwa ndege ndogo ya wamisionari. Alitaka kumwona rafiki yake na kuona Ituri. Watu wote wenye akili walikuwa wakitafuta jinsi ya kuondoka Ituri; yeye alilipa ili aingie. Nikamweka kwenye kiti cha kona na kumpa chai.

Wageni walikuja saa nne. Muzee Mathieu, baba mdogo wa Roger, ndiye aliyekuwa msemaji. Ana duka la vitenge na mabati ya kutoka Kampala. Mbuzi walifungwa kwenye mparachichi, wanene na wazuri, sikatai. Baada ya salamu na sala ndefu, Muzee Mathieu akakohoa.

“Mama Prefe, siye hatukuje kugombana. Mutoto tunamupenda. Lakini mutoto alitembea.”

“Alitembea kama weye,” nikamjibu. “Tulikutana njiani Komanda, umebeba godoro kichwani.”

Shemeji yangu Lambert, aliyekuwa upande wetu, akacheka ndani ya kikombe. Muzee Mathieu hakucheka.

“Mama, batu banasema mingi. Siye tunaomba kitu moja tu. Ile Kiingereza aache. Asifundishe tena, asiongee tena, hata mu nyumba. Ile iko luga ya basoda ba Uganda. Bibi wa Roger akiiongea, batu batakumbuka.”

Nilimtazama Fanny. Alikuwa ametazama chini, mikono juu ya magoti, kama tulivyomlea. Nami nikahesabu moyoni: lugha moja kwa jina zima la familia. Nikasema tumekubali. Roger alishusha pumzi. Wakapiga makofi. Lambert peke yake hakupiga.

Hapo ndipo Muzee Mathieu, mambo yakiwa yamekwisha kunyooka, alipomwona vizuri mgeni wa kona.

“Na ule muzungu, ni nani?”

Nikamweleza: ni mwalimu, anazunguka dunia akifundisha Kiingereza. Uso wa Muzee Mathieu ukafunguka kama duka asubuhi.

“Anatembea yeye peke yake? Inchi yote ile? Ee, bazungu! Iko na roho ngumu huyu mutoto! Wazazi wake banafurahi sana.” Akasogeza kiti. “Mimi niko na batoto batatu banaenda Kampala kununua bintu, na Baganda banabaibia juu hawajue luga. Akae kwangu mwezi mbili, abafundishe. Nyumba iko, chakula iko. Leo hata tuchinje mbuzi moja juu yake.”

Kisha akageuka. “Fanny, mutoto wangu, umuambie ile maneno.”

Tina hakujua neno la Kiswahili zaidi ya “asante”. Alikuwa akitabasamu kwa kila mtu.

Fanny akainua kichwa.

“Baba, kwa luga gani?”

“Si kwa yake?”

“Ile mumenikataza sasa hivi. Chai haijapoa hata.”

“Eh, ongea tu. Ya leo ni ya mwisho.”

“Na huyu Tina tulilalaka chumba moja, Baba. Kama mimi nilitembea, yeye je?”

“Yeye iko muzungu,” akasema Muzee Mathieu, kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwamba mvua inalowesha. “Muzungu anatembeaka.”

Fanny aligeuka. Alimtazama Roger. Alimtazama kwa muda wa kutosha mwanaume kutafuta neno moja, na mimi pia nilimngojea, kwa sababu niliihitaji harusi ile kuliko yeye. Roger alikuwa akichunguza kiatu chake.

Nikasimama. Nilimwambia Lambert awafungue mbuzi.

“Mama Prefe, tutaelewana—”

“Tumeelewana, Muzee. Batoto bako babaki kuibiwa.”

Niliagiza wasipitishwe uchochoroni. Lambert aliwaongoza mbuzi wale kwenye barabara kuu, mchana kweupe, mbele ya maduka yote, hadi mlangoni pa Muzee Mathieu. Kama mahari tunairudisha, angalau irudi tukionekana. Tina alifuata nyuma akiwapiga picha. Alidhani ni desturi.

Baada ya Noeli, Fanny aliondoka tena kwenda kufundisha. Safari hii hakufukuzwa na bomu. Alitaka mwenyewe, akapanda ndege mchana, amevaa gauni la bluu, nami nilimsindikiza hadi uwanjani nikiwa nimeinua kichwa. Najua mnasema amemfuata nani. Najua mnauliza ni nchi gani, anaishi na nani, na kwa nini hajaleta mume. Wengine mnapita kwangu mkidai mmekuja kuomba chumvi.

Chumvi nitawapa. Hayo mengine siyasemi.