Nyoka Mwekundu wa Kambini

Mwezi uliopita mdogo wangu alitaka kuwaonyesha watoto wake nyumba tuliyokulia, katika kambi ya wafanyakazi hapa Lubumbashi, nami nikamsindikiza. Nyumba iko, ila mlango umehamishiwa upande mwingine. Watoto wakauliza kama tulifuga mbwa. Nikasema hapana, tulifuga nyoka. Wakacheka, wakidhani ni uongo wa wazee. Ndiyo maana ninaandika haya, ingawa mimi nilisoma hadi darasa la sita tu, na huenda mambo mengine nimeyachanganya.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Baba alifanya kazi kwenye kampani ya shaba, na kila mwezi kampani ilitupa gunia la unga. Kila mwezi panya walilitoboa. Ukisonga bukari, yaani ugali, jioni, lazima kwanza uchekeche, na bado siku nyingine unaisikia harufu yao chunguni.

Siku moja nilikuwa natafuta kitu cha kung'arishia viatu, maana Jumatatu tulipanga mistari shuleni kusalimu bendera. Mama alikuwa na boksi la mbao alimoweka sire, ile nta nyekundu ya kupaka sakafu, pamoja na matambara yake. Sire ilikuwa ngumu kupatikana. Alituambia, mwenye kufungua boksi lile atamjua yeye ni nani. Nikalifungua. Ndani ya matambara kulikuwa na nyoka, urefu wa mkono wangu, amejikunja, amelala. Alikuwa mwekundu kama tofali lililochomwa, mwili wote hadi kichwani, na anang'aa.

Nilimbeba kwa kitambaa. Kaku, yaani bibi yangu, aliponiuliza nimemtoa wapi, nikasema kwenye kuni. Sijui hata leo kwa nini uongo ule ulitoka upesi namna ile.

Kaku hakuogopa nyoka. Alimweka katika boksi jingine nyuma ya jiko, na jioni akawa anamwachilia kwenye stoo ya unga. Wiki ya pili panya walipungua. Mimi nilimletea maji kwenye kifuniko cha kopo, na alizoea mkono wangu, au nilidhani hivyo.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alisikia habari. Lazima niseme haki yake: hakuwa mtu wa ugomvi. Mtoto wake wa kwanza aliumwa na nyoka kwenye mashamba ya mahindi upande wa Kinsevere, akafa, na hakuna aliyemwona nyoka mwenyewe. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kaku, mi siko na vita na weye. Uniambie tu jina yake. Kama iko ya kuua ao haiko, nijue."

"Jina?" kaku akasema. "Unataka nimuombe karte ya chama?"

Siku zile za chama kimoja kila mtu alihesabiwa mwanachama tangu tumboni, basi watu uani walicheka sana. Jirani hakucheka. Baba alimtazama, akatoa muda hadi Jumapili: "Mpaka dimanche. Kama hakuna mwenye kumujua, tunamuua."

Mwalimu wetu alikuja na kitabu cha Kifaransa chenye picha zisizo na rangi. Alimtazama nyoka muda mrefu. "Rangi hii haiko mu kitabu," akasema. "Na jicho yake imesimama kama ya paka. Siwezi kusema iko muzuri, siwezi kusema iko mubaya." Nilimchukia, lakini sasa naona alisema kweli tupu. Ijumaa yale macho yakawa meupe yenye ubuluu, kama ya kipofu, na jirani akaacha kupita uani kwetu.

Jumamosi asubuhi nilifungua boksi nikakuta ngozi imevuliwa, imegeuka ndani nje kama soksi, nyekundu upande wa ndani. Nyoka alikuwa wa kahawia, na kila upande wa kichwa mistari miwili myeupe, mmoja ukipita kwenye jicho. Niliinusa ngozi. Sire. Nikaelewa yote mara moja, wekundu ulitoka kwenye matambara ya mama, nikaificha ngozi katika daftari.

Mwalimu alipoitwa, alifurahi. "Huyu namujua! Ni nyoka ya nyumba, anakula panya, hana sumu."

Jirani akamtazama nyoka, akatutazama sisi. "Hii haiko ile. Ile nyekundu iko wapi?"

Kaku alisema nyoka hubadili ngozi, si rangi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, daftari kwapani.

Mchana ule jirani aliwapeleka watoto wake kwa dada yake, kule Naviundu. Kisha, kwa ruhusa ya baba, akaja na shoka na koleo kumtafuta yule mwekundu. Alitoa kuni zote, akapindua maboksi. Wa kahawia alitoka mbio kwenye miguu yake, na koleo lilishuka, likamuua. Nadhani hakukusudia. Hata yeye alibaki anaangalia chini, kisha akaendelea kutafuta, siku hiyo na siku mbili zilizofuata.

Siku ya tatu, baada ya kazi, nilimpelekea ngozi. Aliigeuza, akainusa.

"Hii ni sire. Juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa mama atanichapa."

"Mi nimefukuza batoto yangu mu nyumba juu ya sire?" Alicheka mara moja tu, kisha akajipangusa uso. "Mama yako sitamwambia. Lakini kaku yako, umwambie weye mwenyewe."

Nilimwambia. Kaku alinisikiliza hadi mwisho, akachukua chekecheo, akaendelea na unga. Panya walikuwa wamesharudi.

Watoto wa jirani walirudi, na yeye akawaambia watu kwamba yule mwekundu ameenda zake porini. Kampani ilikuja kuacha kutoa unga, nyumba zikauzwa, kuta zikajengwa kati ya jirani na jirani. Yeye na kaku hawapo tena. Mama alizeeka akiamini nyoka walikuwa wawili. Hadi mwaka wake wa mwisho, kabla ya kupiga magoti kupaka sire, aligonga kwanza chini ya kitanda kwa mpini wa fagio, mara tatu, akasikiliza. Nilimwona mara nyingi. Sikumwambia.