Shavu la Kushoto

Maimu alipokuwa hai, Heldur hakuhangaika na uso wake. Asubuhi za baridi walitoka pamoja na skii zao, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, na kila walipofika kileleni Maimu alimsimamisha akamkagua pua, masikio na mashavu. "Pita," alimwambia. Naye Heldur akamkagua mkewe vivyo hivyo, wakaendelea. Baridi ya Januari huigandisha ngozi bila kuuma; mwenyewe hana habari, mwenzake ndiye anayeliona doa jeupe.

Maimu alifariki majani yalipokuwa yanapukutika. Theluji ilipoanguka, Heldur alitoa stoo skii zake tu, za mkewe akaziacha zimeegemea ukuta.

Mwanzoni mwa njia ya msituni palikuwa na kibanda cha Sirje, aliyeuza chai na kukodisha skii.

"Heldur, redio imesema leo ni baridi ya kuvunja mifupa. Unaenda wapi?"

"Palepale."

"Na nani?"

"Na miguu yangu."

Sirje alicheka. Heldur alikuwa ameshaondoka.

Alikuwa amevaa vizuri: sufu ndani, koti jepesi juu, kofia iliyofunika masikio. Skafu tu ndiyo aliyoiacha, maana ilikuwa ikiganda kwa pumzi zake na kumkera. Alikwenda mbio kuliko kawaida, kwa kuwa mwendo ulimfukuzia mawazo. Alifika kileleni jasho likimtiririka mgongoni, akasimama kuvuta pumzi. Upepo wa ziwani ukampata hapo. Shavu lilimwasha kidogo, kisha likanyamaza. Akadhani ameizoea baridi.

Mwanamke mwenye kofia nyekundu alimpita, akasimama, akarudi.

"Mzee, samahani. Shavu lako limekuwa jeupe kama nta."

"Lipi?"

"La kushoto. Hulisikii?"

Heldur aliinama kuchota theluji alisugue, kama baba yake alivyokuwa akifanya.

"We mzee! Usisugue, utajichubua!" Mwanamke alivua glavu akambandika kiganja shavuni. "Tulia hivyohivyo."

Wakasimama, watu wasiojuana, katikati ya miti iliyoinamishwa na theluji. Kiganja kilinukia chungwa. Heldur hakujua macho ayaweke wapi. Mazishini watu walimpa mikono, wengine walimpiga bega. Lakini uso wake haukuwa umeguswa na mtu tangu Maimu alazwe hospitalini. Machozi yakamtoka kabla hajayazuia.

"Usilie, mzee, yataganda nayo."

"Ni upepo."

"Haya, ni upepo," alisema yule mwanamke, na hakuuondoa mkono. Baadaye akauliza, "Nani anajua uko huku?"

Heldur alifikiri.

"Hakuna."

Mwanamke alivua skafu yake akamzungushia hadi puani. "Rudi polepole, ila usisimame njiani. Nyumbani tumia maji ya uvuguvugu, siyo ya moto." Akateleza akaenda zake, wala hakutaja jina.

Usiku ule shavu lilivimba, likawaka kama limepigwa kofi. Heldur alitafuna mkate mweusi na dagaa wa chumvi kwa upande mmoja wa mdomo. Kesho yake aliifua skafu, ikakauka, akaipeleka kibandani.

"Kofia nyekundu?" Sirje alishangaa. "Heldur, nusu ya Estonia ina kofia nyekundu!"

Aliibeba mfukoni kila alipotoka, hadi theluji ikaanza kuwa tope. Hakumwona tena yule mwanamke.

Kileleni hakurudi. Alianza kugeuzia chini kabisa, mahali ambapo moshi wa nyumba bado unaonekana, na alikwenda mwendo wa kutotoa jasho. Na kabla ya kutoka alipita kwanza dirishani kwa Sirje.

"Natoka. Adhuhuri ikinikuta sijarudi, piga simu."

"Nimpigie nani?"

Heldur alifungua mdomo. Jina lililomjia halikuwa la kupigiwa simu tena.

"Watu wa uokoaji," alisema hatimaye.

"Haya."

Aliporudi, alichungulia mlangoni. "Nimerudi."

"Nakuona," Sirje alijibu, macho yake yakiwa kwenye soksi aliyokuwa akiifuma.

Heldur alingoja kidogo mlangoni, huenda angeongeza neno. Kisha akaziweka skii begani, akashika njia ya nyumbani.