Mkono wa Kulia wa Magesa

Boksi lililobeba samaki likilowa maji hutoa harufu isiyoisha hata ukilianika wiki nzima. Majuzi mke wangu aliacha moja barazani likanyeshewa. Nilipoliinua, harufu ile ikanipanda puani, nikaona haya kana kwamba kuna mtu ananitazama. Nawaambia ninyi; wanangu mwenyewe sijawahi kuwasimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya samaki vilipofunguliwa Mwanza, na baba alipata kazi katika kimojawapo. Tulikaa Pasiansi. Kaka yangu Magesa alikuwa amekariri madarasa mpaka mimi mdogo wake nikamkuta darasa la nne, tukakaa dawati moja. Hesabu za kichwani alinishinda, lakini ukimpa kitabu alitoka jasho. Herufi zilimchezea machoni. Wenzetu walimwita Babu. Sikumtetea hata siku moja, nilisogea tu pembeni ya dawati. Baba alikwisha kusema kwamba mwaka ule asipovuka, atakwenda kwa mjomba kwenye kambi ya uvuvi, upande wa Sengerema.

Ndipo akaja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu, dada mwembamba aliyeitwa Mwalimu Nyamizi. Alimwomba baba maboksi mabovu ya kiwandani, akakata herufi kubwa, akazipaka uji wa muhogo na kuzimwagia mchanga wa ziwani. Tulizipapasa kwa vidole, macho tumefumba, huku zikinuka samaki. Alitugawia wote, kwa hiyo hakuna aliyejua alimtengenezea nani. Swali lake ungeweza kulijibu kwa kuandika, kwa kuchora au kwa mdomo. Mimi alinipa kazi moja: kila jioni nimsomee Magesa kitabu cha sayansi. Magesa akaanza kuwahi shule kabla ya kengele.

Siku moja ilitangazwa kwamba mkufunzi wa chuo chake atakuja kumkagua Mwalimu Nyamizi. Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Mafuru, alitupanga asubuhi, Mwalimu Nyamizi akiwa hayupo, kama alivyotupanga siku zote za wageni.

"Likiulizwa swali, wote nyoosheni. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Nani ataniaibisha?"

"Hakunaaa!"

Mkufunzi aliketi nyuma. Mwalimu Nyamizi akauliza kwa nini dagaa wakikaushwa vizuri hawaozi. Mikono ikapaa darasa zima. Magesa, ambaye kwa wageni wote alikuwa wa kushoto, alinyoosha wa kulia, kiwiko kimekakamaa, na mwalimu akatabasamu akimtazama yeye. Nikaona wivu. Nikapaza sauti:

"Mwalimu, Magesa kakosea mkono! Yeye ni wa kushoto!"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi akauliza, "Wa kushoto kivipi, kijana?" Nami, kwa fahari ya kuulizwa na mgeni, nikaeleza yote.

"Kumbe ndivyo unavyofundisha, mwalimu?" alimwambia Nyamizi. Yeye hakujua lolote kuhusu mpango ule wa mikono. Mwalimu Mafuru, aliyekuwa mlangoni, alitazama nje. Mkufunzi akamsogezea Magesa kitabu.

"Tusomee jibu."

"Jibu ninalo, mwalimu. Liko kichwani."

"Nimesema soma."

Magesa aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, kikabaki palepale. "Babu, vaa miwani!" mtu akapiga kelele.

Kesho yake herufi za mchanga hazikuwepo, wala Mwalimu Nyamizi. Tulirudi kunakili ubaoni. Jioni Magesa aliniletea kitabu kama kawaida. "Tuliishia wapi, mdogo wangu?" Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akakirudisha mwenyewe ndani. Mwaka ulipoisha hakuvuka, na mjomba akaja kumchukua.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mtoto na nilisema kweli. Nilidhani kumsomea kulikuwa ni kumbeba mtu mzito, na kwamba Mwalimu Nyamizi alimpendelea. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa amefungua mlango wa darasa ukatutosha sote, na mimi nikaufunga kwa sentensi moja.

Lakini kuna jambo ambalo hata Magesa sijamwambia. Siku ile na mimi nilinyoosha wa kulia, na jibu sikuwa nalo. Ukurasa wenye jibu lile nilikuwa nimemsomea kwa mdomo wangu mwenyewe jioni iliyotangulia. Yeye alisikiliza. Mimi nilisoma tu.