Glasi Tatu za Mama Mkubwa

Mimi ni mtu wa kuonjaonja. Wauza maembe wa sokoni Morogoro wananijua: nitaonja la huyu, nitarudi kwa yule, mwisho ninunue mawili tu. Kwa hiyo niliposikia kwamba watawa wa misheni moja huko mlimani wanatengeneza divai nyeupe, na kwamba wanaweka kando chupa za kila mwaka, sikutulia tena. Zabibu ni zile zile, udongo ule ule. Mwaka unawezaje kuwa na ladha yake?

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amenipigia simu kutoka Mgeta. Mumewe alifanya kazi kwenye mizabibu ya misheni hiyo ujana wake wote, akaondoka na vipandikizi, akapanda mistari michache nyuma ya nyumba. Kila msimu alitoa divai yake, kidogo lakini ya kujivunia. Alipofariki, mama mkubwa alivuna na kukamua peke yake.

"Njoo uonje," aliniambia. "Kama yangu haifai, nang'oa mizabibu nipande kabichi. Malori ya Dar yanapita hapa hapa."

Nikaona nisiende kichwa kitupu. Nikaanzia kwa watawa.

Sista aliyenipokea alinimiminia divai za miaka miwili. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka wa mvua nyingi: nyepesi, yenye uchachu, rangi yake karibu na maji yaliyooshewa mchele. Ya pili, ya mwaka wa jua, ilinukia pichesi lililoiva, na ladha yake ilibaki mdomoni hata baada ya kuitema. Maana alinifundisha kutema: tazama, nusa, zungusha mdomoni, tema kwenye ndoo, usije ukashuka mlima kwa makalio. Akasema ile ya pili inaitwa divai kavu. Nikamuuliza kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu. Alicheka mpaka akashika meza.

"Sukari yote imekwisha humo," alisema. "Kinachokauka ni ulimi wako."

Nilifurahi kama mtoto aliyeonyeshwa mchezo mpya. Kesho yake nikapanda Mgeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Usije ukalewa nikasingiziwa mimi."

Alikuwa ameshapanga glasi tatu za kunywea chai mezani. Akanipa mgongo, akamimina kutoka chupa tatu, akazificha chupa nyuma ya mlango.

"Sikwambii ipi ni ipi," alisema. "Na usinisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Hapo hofu ikaniingia. Kuonja maembe ya watu sokoni ni jambo moja. Hapa nikikosea neno, kazi ya baba mkubwa yote inageuka kabichi, na mama mkubwa anabaki na nini?

Glasi ya kwanza ilikuwa kali, inavuta mashavu ndani. Niliizungusha mdomoni nilivyofundishwa, nikaitema dirishani.

"We! Unatema divai ya watu?"

"Ndivyo sista alivyonifundisha, mama."

Akaguna. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akawa hanibandui macho. "Haya. Tema tu."

Ya pili sijui niieleze vipi. Ilinukia pichesi, na nyuma yake kitu kama majani yaliyonyeshewa asubuhi. Ilikuwa kavu kwelikweli, na bado nikataka nyingine. Dirisha nililisahau. Nilipozinduka glasi ilikuwa tupu.

Ya tatu ilianza vizuri, laini, halafu uchungu ukaja mwishoni, ule wa zabibu zilizokamuliwa kwa nguvu mpaka mbegu zikapasuka. Niliitema taratibu, kwa adabu zote.

"Zote nzuri, mama," nikasema.

"Mdomo wako sijauuliza. Nilikuwa natazama koo."

Alinyoosha mkono, akaishika glasi tupu. "Hii ni ya mwisho aliyotengeneza yeye. Alikuwa ameshaanza kuumwa." Kisha akaisogeza ya tatu. "Hii ni yangu."

Uso uliniwaka. Nikaanza kujitetea, kwamba huenda ni changa bado, kwamba mimi si mtaalamu, nimefundishwa jana tu. Akanikatisha.

"Acha. Ungeimeza hii yangu ningeumia. Mtu akae na mizabibu hii miaka yote hiyo, halafu afe, divai isimkumbuke hata msimu mmoja?"

Alisema hivyo macho yamelowa, lakini uso ulikuwa mkunjufu. Akanywa kilichobaki kwenye glasi yake, akakunja sura. "Chungu kweli," akasema, akacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Nilitazama nje, mistari ile ya mizabibu imeshikilia kilima, na chini yake mabonde ya kabichi za majirani, kijani tupu.

"Kwa hiyo unaing'oa?" niliuliza.

Akaichukua glasi ya kwanza, ile kali, akainusa kwa muda mrefu.

"Na hii je? Mbona hujaniuliza ya nani?"

"Ya nani, mama?"

"Ya kwake. Ya kwanza kabisa aliyotengeneza. Nayo umeitema," alisema. "Na yeye hakung'oa."