Mimba Iliyotunga Pembeni

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, fundi alijipima kiuno. Siku zake zilikuwa zimechelewa wiki tatu, na sentimita moja iliyoongezeka ilimfanya atabasamu peke yake.

Tumbo lilipomkata upande mmoja na bega kuanza kumuuma, wifi yake, mwenye duka alimofanyia kazi, alicheka.

"Bega la kupiga pasi hilo, wifi. Usinidekee."

Mchana ule ule fundi alianguka juu ya vitambaa. Alipozinduka hospitalini alikuwa ameshapasuliwa.

"Mimba ilitunga nje ya kizazi, kwenye mrija," daktari alimweleza. "Mrija ukapasuka, damu ikavujia tumboni. Hiyo ndiyo iliyokuumiza bega."

"Hamkuweza kuifumua mkaishonea mahali pake?"

"Haiwezekani, dada. Ila mrija wa pili ni mzima. Ukishika mimba tena, wahi kuja tukuangalie."

Aliporudi kazini, mteja mjamzito alimshika mkono. "Fundi, gusa hapa, anacheza!"

Kiganja chake kilituama pale, kikakawia.

"Wifi, mrudishie mwenzio tumbo lake!" wifi akatania.

Fundi akaondoa mkono taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Duka lile hakulikanyaga tena.