Mfagio wa Gaudensia

Jamani, mtaani kwetu Ipuli hakuna asiyemjua Gaudensia. Mjane, muuza maandazi, mcheshi hadi anaudhi. Akicheka kwake, ng'ambo ya barabara wanageuka. Watoto wake wote wameshaoa na kuolewa. Alisema kuku wake na redio yake vinamtosha. Uongo mtupu!

Alianza kubadilika Octavian alipoanza kumletea asali. Octavian ni mfuga nyuki wa Ipole, mgane, mpole, maneno yake unayatafuta kwa tochi. Siku aliyomtamkia kwamba anataka kumuoa, alimpa na mbegu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Nyuki wangu wanaupenda sana mti huu," alisema. "Una maua ya njano."

Gaudensia, kwa maringo yake, akamwambia, "Vizuri. Nitakujibu siku ukichanua."

Akazipanda mbele ya mlango. Zilipoota na kuanza kutoa matawi, akaniita mimi jirani yake tuutambue mti wenyewe. Majani membamba, yana meno ukingoni. Kijiti chake unakipinda hakivunjiki. Nikaanguka kwa kicheko.

"Dada, huu si mfagio? Huu huu wa porini tunaofagilia uwanja!"

"Ndio huo!" akasema, macho yanang'aa. "Mwanaume kaniposa kwa mfagio!" Tukacheka mpaka maandazi yakaungua.

Shida ni kwamba kwetu mfagio hauna mwenyewe. Popote ulipoota, anayeuona anainama, anakata, anafunga, anafagia zake. Nani aombe ruhusa ya mfagio? Kila ulipokaribia kutoa vitumba vya maua, mtu alipita na kisu. Na Gaudensia angesema nini? Akikataza wataulizana kwa nini, na mtaa mzima utajua mama mzima anasubiri ua ndipo aolewe. Basi akauzungushia miiba, akautilia samadi ya kuku, akaumwagilia asubuhi na jioni. Wapi! Waliruka miiba wakakata.

Na Octavian, ambaye kila akipeleka asali Gongoni alikuwa anashuka kwenye pikipiki na kuketi kwa Gaudensia, akaanza kusalimia akiwa juu yake na kupita. Gaudensia akaacha kucheka. Hilo liliniuma kweli.

Jumamosi moja jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inasali kwake. Akina mama wakawahi kumsaidia usafi, kama tunavyofanya siku zote. Mwenyewe alikuwa jikoni na chai. Nilipofika na ndoo yangu kutoka bombani, nikamkuta Recheli, mwenyekiti wetu, katikati ya uwanja anagawa mafagio mabichi. Pale mlangoni kimebaki kisiki. Gaudensia akatoka, akaona.

"Mamaaa! Recheli, umenikatia mume!"

Recheli akautazama ufagio aliokuwa nao, akaugeuza huku na huku kama anamtafuta huyo mume ndani ya majani. Ikabidi Gaudensia aseme yote palepale, posa, mbegu na maringo yake, huku machozi yanamtoka. Weee! Vicheko hivyo, vigelegele hivyo, mwingine akakaa chini kabisa.

"Sasa si umpigie!" Recheli akafoka. "Umri huu unasubiri ua la nini?"

Akapiga. Tukamlazimisha aweke spika.

"Tumsifu Yesu Kristo," ikaja sauti ya Octavian.

"Milele amina. Octavian, mti haujachanua."

"Najua," akasema taratibu. "Kila nikipita nauona umekatwa. Jibu lako nimelielewa, Gaudensia. Sina kinyongo."

Gaudensia akaishika simu kwa mikono miwili.

"Jibu gani? Wamekata hawa! Wote ninao hapa, na mafagio yao mkononi! Mimi nimeumwagilia mpaka maji ya kunawa uso. Nataka, Octavian. Unanisikia? Nataka!"

Tulichosikia ni pikipiki inapigwa kiki.