Picha Kati ya Ndagala

Nilikuwa nimesimama mbele ya picha moja katika jumba dogo la maonyesho, dirisha likiwa wazi, ndipo harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa nyuma ya jumba ilipoingia. Wageni wakaziba pua. Mimi nikaivuta nikacheka, maana maonyesho yangu ya kwanza yalinuka hivyohivyo.

Shule yetu pale mjini Baraka ilikuwa imejaa askari, kwa hiyo hatukuwa na ukuta wa kutundikia picha. Mwalimu akatuambia tutandaze picha zetu mchangani kando ya ziwa, kati ya ndagala wa akina mama, tuziwekee mawe zisipeperuke. Tulikuwa tumechora kwenye mifuko ya simenti, kwa makaa, unga wa tofali na majani ya sombe, yale ya muhogo. Ee, tulivyokimbia siku ile, tukipiga kelele mpaka sauti zikakauka!

"Mukuye, bamama! Mukuye muone!"

Wakaja kweli, mikono iking'aa magamba. Mmoja alipoona mbuzi amechorwa, akapiga vigelegele: "Huyu ni wangu kabisa!" Nikageuka, kumbe mama yangu alikuwa ameinama juu ya picha yangu. Nilikuwa nimechora nyumba yetu ya mlimani, ile tuliyoikimbia kabla baba hajarudi.

"Mulango iko wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeusahau. Nikachukua makaa haraka.

"Chora iko wazi," akasema. "Papa yako akifika, asipige hodi kwake."

Nikauchora wazi, mpana, mpaka makaa yakaniishia mkononi.